Kosa ni Kiti

Nukta alianza kumpenda Asali kabla hajamwona uso. Waandika programu walitenganishwa na dawati la msaada kwa ukuta wa mbao nyembamba, na kupitia ukuta huo alisikia, siku baada ya siku, mwanamume akiwaambia watu asiowajua: "Nakuelewa kabisa. Pole sana kwa usumbufu. Tutalimaliza pamoja." Nukta alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia yeye kuwa jambo lolote wangelimaliza pamoja. Aliacha kusikiliza muziki akiwa kazini. Aliisikiliza sauti.

Jina la Nukta alipewa na wenzake kwa sababu angeweza kupitia kurasa na kurasa za programu iliyogoma, kisha akaweka kidole mahali ambapo nukta moja ilisahaulika. Jina la Asali halikuhitaji maelezo.

Sasa wazee wa Asali walikuwa waje Jumapili kuleta posa. Nyumbani kwa kina Nukta jambo hilo lilikuwa limewagawanya watu wawili waliobaki kumlea: mama yake, mhazili wa shule, na mjomba wake, mwalimu mstaafu asiyestaafu kusahihisha.

"Ni mtamu kwa kila anayempigia simu," Mjomba alisema. "Sawa. Na uchungu wake anaumwaga wapi? Kila nyumba ina shimo la maji machafu. La kwake nionyesheni, nitakubali."

"Kaka, umeanza," Mama alimjibu. "Wewe hata sukari unaitilia shaka."

"Sukari naitilia shaka kwa sababu ina mchwa."

"Chungu, kaka. Mchwa hawali sukari."

"Unaona? Hata wewe umesahihisha. Lakini hoja imebaki."

Mama hakuwahi kumwona Asali. Alimtetea hivyo hivyo, kwa sababu binti yake, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alikuwa ameanza kucheka akiosha vyombo. Huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwake.

Ijumaa mchana Asali alikuja na kuegemea meza ya Nukta. Alikuwa na kope ndefu, na tabia ya kumtazama mtu kana kwamba ofisi nzima imezimwa umeme isipokuwa pale mtu huyo alipokaa.

"Leo hukatai," alisema. "Njoo usikie Redio. Uone mumeo mtarajiwa anavyofanya kazi."

"Nina kazi."

"Kazi haitakimbia. Mimi nikikimbia je?"

Nukta akamfuata, na alipokuwa akiinuka alijua kwamba amefurahi.

Redio ilikuwa desturi ya dawati la msaada. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, meneja akishaondoka, walifunga mlango na kusikiliza simu bora za mwezi. Simu zote zilirekodiwa. Fundi akitaka kusema jambo ambalo mteja asilisikie, alibonyeza kitufe cha kuzima sauti yake, walichokiita bubu. Lakini kinasa kiliendelea kunasa. Kwa hiyo kila rekodi ilikuwa na mazungumzo mawili: yale aliyoyasikia mteja na yale aliyofichwa. Utamu wa Redio ulikuwa kwenye yale ya pili.

Mshindi aliitwa Kiti cha Mwezi. Neno "kiti" jengo zima lililijua. Tatizo likiwa la mashine, fundi aliandika "mashine". Likiwa la mtandao, aliandika "mtandao". Likiwa la mtu mwenyewe, aliandika "kiti", maana yake kosa limekaa juu ya kiti. Mteja hata akiambiwa ana kwa ana, haelewi. Ndiyo sababu walilipenda.

Chumba kilinuka viazi vya kukaanga na soksi. Vikombe vilikuwa vimepangwa dirishani, vingine vikiwa na ukungu wa kijani uliofika nusu. Kipara, fundi mwandamizi, alikuwa akilamba chumvi kidole kimoja baada ya kingine na kuvifuta kwenye sifongo za hedifoni zilizokuwa zikivaliwa na kila mtu. Nukta alikaa ukingoni mwa meza iliyokuwa safi kidogo kuliko nyingine.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mtunza ghala aliyeambiwa afute faili. Aliuliza kama kitambaa kiwe kikavu au chenye maji. Hata Nukta alitabasamu.

"Sasa ya bosi wangu Asali," Kipara alisema. "Shikeni mbavu."

Spika ikakwaruza. Kisha kikasikika kikohozi kidogo cha kusafisha koo, kile cha mtu anayeogopa kuanza kuongea vibaya. Nukta alikijua kikohozi hicho. Alikuwa amekisikia asubuhi ile ile, mlangoni mwa chumba chake, kabla ya kuambiwa chai ipo tayari.

"Halo? Samahani mwanangu, ni mimi tena, wa shuleni. Neno la siri limenikataa."

"Usijali kabisa, mama. Nakuelewa. Unaliandika kama tulivyokubaliana?"

"Herufi kwa herufi. Nalisema kwa sauti huku naandika, nisikosee."

Mlio mdogo: bubu. Kisha mdomo ule ule, sauti nyingine kabisa, nyembamba na yenye meno: "Analisema kwa sauti! Jamani, bibi anaifundisha kompyuta kusoma." Vicheko. Sauti ya Kipara: "Muulize kama imeitikia." Mlio. Sauti ya asali ikarudi. "Endelea, mama. Niko nawe."

"Naogopa kukupotezea muda."

"Muda wangu ni wako, mama."

Mlio. "Nishikeni. Nasikia harufu ya dawa ya kuchua mpaka huku."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mama alijichua mgongo kila usiku. Nukta ndiye aliyemshikia chupa.

"Kwani, mwanangu, kosa hasa ni nini?" sauti ya Mama iliuliza. "Niambie, nijue, nisiwasumbue tena."

Kwenye rekodi palikuwa na kimya, na ndani ya kimya hicho pumzi za watu waliojiziba midomo.

"Kosa ni kiti, mama."

"Kiti?"

"Kiti."

"Hiki ninachokalia?"

"Hicho hicho."

"Ahaa. Basi nitabadilisha. Mungu akuweke, mwanangu."

Kipara aliteleza kutoka kwenye kiti chake hadi sakafuni na kubaki huko, akipiga sakafu kwa kiganja. Asali akasimama, akainama kama mtu anayepokea makofi, kisha akamkonyeza Nukta.

Nukta alikuwa ameona kitu kingine. Mapema mwezi ule Mama alitoka nyumbani asubuhi amekumbatia kiti kimojawapo cha meza ya chakula, kile chenye mgongo ulionyooka. "Cha shule kina kasoro," alisema. Nukta alimshikia geti. Hakuuliza kasoro gani. Shule ilitumia mfumo wa kampuni yao, lakini Mama hakutaka kamwe kumuuliza binti yake. "Kila mtu na kazi yake," alikuwa akisema. "Nikikwama, kuna vijana wa simu."

Aliutazama mdomo wa Asali. Pembeni mwake palikuwa na punje za chumvi. Kwa kuwa Nukta alizoea kuyapa mambo majina yake, alichohisi alikipa jina: kinyaa.

"Nina kazi," alisema, akatoka.

Alipita kwenye meza yake, akafungua kumbukumbu za mfumo, akasoma alichotaka kusoma. Kisha akaenda chumba cha seva, mahali pekee penye mlango mzito, na baridi, na mvumo wa mashine unaomeza maneno. Asali alimkuta huko.

"Hujacheka," alisema. Yeye bado alikuwa na mabaki ya kicheko machoni.

"Yule ni mama yangu."

"Nani?"

"Wa kiti. Ndiye mtakayemwomba binti yake keshokutwa."

Nukta alimwangalia akilielewa jambo hilo. Lilichukua muda. Alisubiri aone kitakachotangulia, na kilichotangulia kilikuwa hiki: "Hakutaja jina."

"Angetaja ungefanyaje?"

"Ningejua ni mama yako, ningemhudumia kama mama yangu!"

"Ulimwita mama kila sentensi."

"Nukta, huo ni utani wa kazini. Wewe unakaa na programu, haikulilii. Sisi tunaliliwa toka asubuhi. Usipocheka utarukwa na akili. Na nilimsaidia, au sikumsaidia? Aliingia kwenye mfumo, hakuingia?"

"Aliingia."

"Na kosa lilikuwa lake! Wewe mtu wa ukweli, nenda kaangalie. Herufi kubwa. Kila siku anawasha herufi kubwa bila kujua, halafu anasema amekataliwa."

"Nimeshaangalia. Kosa ni lake."

Asali akafungua mikono. "Sasa?"

"Sasa hakuna. Kosa ni lake, na wewe unanitia kinyaa. Yote mawili ni kweli. Moja halifuti lingine."

Akamsogelea, akamshika mkono. Katika baridi ile mkono wake ulikuwa wa joto, na Nukta alitambua, bila kufurahi, kwamba bado anaupenda.

"Nakuelewa kabisa," Asali alisema kwa upole. "Pole sana. Hili tutalimaliza pamoja."

Maneno yalikuwa yale yale. Sauti ilikuwa ile ile iliyopenya ukutani mwaka mzima. Nukta alijikuta amekaza masikio, na akashtuka alipogundua anachokisubiri. Alikuwa anasubiri mlio wa bubu.

"Ukiniongelesha hivyo," aliuliza, "pembeni anakuwepo nani?"

"Hakuna mtu. Mpenzi wangu, hakuna mtu."

"Mama naye alidhani hakuna mtu."

Mashine zilivuma.

"Njoo Jumapili kabla ya wazee wako," Nukta alisema. "Uje peke yako. Umwambie Mama maana ya kiti. Kwa mdomo wako, mbele ya Mjomba."

"Atanichukia."

"Mama hajui kuchukia. Ungemjua ungeogopa kitu kingine."

"Na nikimwambia?"

"Ukimwambia, nitajua kwamba kuna mtu ndani yako. Nitaolewa na huyo."

Asali alimtazama kwa kope zake ndefu, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake hayakuwa na kicheko. "Naapa," alisema. "Nitamwambia."

Nukta alitaka kumwamini. Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilimuuma kuliko mengine. Alipotoka aliupangusa mkono kwenye sketi, kisha akasimama koridoni akiutazama, kama mtu aliyetupa kitu asichokuwa na uhakika kama ni takataka.

Jumapili kiti kilirudi nyumbani. Mama alikuwa amekibeba kutoka shule kwa ajili ya wageni, kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko vingine, akakifuta vumbi, akakiwekea mto aliofuma mwenyewe. Mjomba alikaa dirishani na miwani yake, akijifanya anasoma.

"Usimhoji kijana wa watu," Mama alimwonya.

"Simhoji. Nitamsalimia kwa kirefu."

Hodi ilipigwa kabla ya muda ambao wazee walitarajiwa. Asali aliingia na shati jeupe, amenyoa vizuri, ameshika kofia kwa mikono miwili. Nukta aliuona uoga wake, na moyo wake ukamwendea. Mtu aliyekuja kudanganya, aliwaza, asingeogopa hivi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba," Mama alisema, akitoka jikoni na kitambaa mkononi. "Karibu. Karibu kiti." Akamsogezea kile chenye mto.

Asali akakaa. Hakujua amekalia nini. Akasema, "Mama, nimewahi kidogo kwa sababu—"

Mama alisimama palepale, kitambaa kikining'inia.

"Sauti hii naijua."

Asali akamtazama Nukta. Nukta akamwashiria kwa kichwa taratibu: endelea.

"Wewe si yule kijana wa simu? Wa neno la siri?"

"Ndiye mimi, mama. Na jambo lililonileta mapema—"

"Ngoja kwanza, ngoja nikushukuru! Kaka, ndiye huyu. Ndiye aliyeniambia kosa ni kiti. Nikawaambia walimu, wakanicheka, nikasema nyie chekeni, fundi amesema. Nikabeba hiki hapa unachokalia. Na wallahi, mwanangu, tangu siku nilipokikalia, neno la siri halijanikataa tena."

Nukta, ambaye kichwa chake hakikujua kuacha kufanya kazi, aliona jibu limejipanga lenyewe. Kiti cha shule kilikuwa kifupi. Mama alikaa chini mno, akaegemeza mkono wa kushoto ukingoni mwa kibodi, na mkono ukabonyeza kitufe cha herufi kubwa. Kiti hiki kilikuwa kirefu. Mkono ulikuwa umeinuka. Uongo ulikuwa umegeuka kweli bila msaada wowote wa aliyeutunga.

Aliona kwamba Asali naye ameelewa, kama si sababu, basi faida. Afueni ilimtambaa usoni kama mafuta juu ya maji. Mabega yakashuka. Kofia ikawekwa gotini. Akaegemea mgongo wa kiti.

"Nilijua kitakusaidia, mama," alisema.

Sauti ilikuwa tamu. Haikutetemeka mahali popote.

"Mkao ni jambo kubwa sana kwenye kompyuta," akaendelea. "Watu wengi hawajui."

Mjomba akateremsha miwani hadi ncha ya pua.

"Unasikia, kaka?" Mama aling'ara. "Na siku ile, mwanangu, unisamehe, nilisikia kama watu wanacheka nyuma yako. Nikasema moyoni, hiyo ni ofisi yenye furaha, binti yangu amepata mahali pazuri."

"Ah, hao!" Asali akacheka kidogo. "Ni wenzangu, mama, walikuwa na mambo yao. Wewe pale dawatini tunakuheshimu sana."

Kisha akageuza uso kidogo, upande ambao Mama hakuuona, akamkonyeza Nukta.

Nukta alitarajia hasira, na hasira haikuja. Hasira ingekuwa na joto. Alijisikia kama mtu aliyekunywa maji gizani kwa muda mrefu, kwa kiu, kwa shukrani, kisha taa ikawashwa akaona kilichokuwa kikielea ndani ya gudulia. Alizikumbuka simu zote za jioni, kila "niko nawe", kila "pumzika, mpenzi", na kila moja sasa ilikuwa na mlio mdogo katikati.

"Mjomba," alisema, "wapigie wazee wake simu. Waambie wasijisumbue kuja."

"We mtoto!" Mama aliangusha kitambaa. "Umeingiwa na nini? Mgeni yuko sebuleni!"

Mjomba hakuuliza. Alikuwa tayari anatafuta simu mfukoni.

"Nukta," Asali alisema kwa upole. "Nakuelewa kabisa. Tukae—"

"Niambie basi," Mama alisema, akimgeukia binti yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kuamini kwamba kama kitu kimeharibika, ameharibu yeye. "Mbona mambo yalikuwa mazuri? Nimesema vibaya? Kosa ni nini?"

Nukta alimtazama Asali kuanzia viatu hadi kope. Alichukua muda wake. Alijua hatamtazama hivyo tena.

"Kosa ni kiti, mama."

Katika sebule ile ni mtu mmoja tu mwingine aliyeijua lugha hiyo. Asali alifungua mdomo na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu, si asali wala kile kilichokaa chini yake. Akainuka. Alisimama kidogo akitafuta pa kuiweka kofia, akakumbuka kwamba ni yake, akaivaa.

Mjomba, simu sikioni, alimfungulia mlango kwa adabu zote.

"Kwaheri, fundi," alimwambia.

Hatua za Asali zilisikika zikishuka ngazi, kisha hazikusikika. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya kiti. Aliutoa mto, akakitikisa mguu mmoja baada ya mwingine, akapitisha kiganja chini yake akitafuta msumari.

"Kina nini? Mimi sioni kitu. Mbona kizima?"

"Sasa ni kizima," Nukta alisema, akamshika mkono kumwinua. "Kaa, mama."